Mhasibu aliyeogopa kuonekana anajishaua: kisa cha picha za kazi, Mji Mkongwe

Mteja ni mhasibu wa miaka 47, mzaliwa wa Wete, Pemba, anaishi Unguja tangu alipoolewa. Kwa muda mrefu amekuwa akishika hesabu za kampuni inayosafirisha mwani na viungo nje ya nchi, na mwaka huu amepandishwa kuwa mkuu wa idara ya fedha. Kampuni ikamtaka picha tatu: ya uso kwa ajili ya tovuti na barua pepe, ya nusu mwili kwa ajili ya ripoti ya mwaka, na moja amesimama. Alikuwa ameshapigwa na mpiga picha mwengine, na picha zile akazikataa mwenyewe kabla bosi wake hajaziona. Ameniruhusu nikiandike kisa hiki bila ya kumtaja jina, na baadhi ya mambo ya kazini kwake nimeyabadilisha ili asitambulike.

Tatizo lake ndilo ninalokutana nalo kwa watu wazima wengi wa hapa kwetu, wanawake kwa wanaume. Mtu ni hodari kazini, akisema anasikilizwa, mambo mazito yanaamuliwa mezani kwake, lakini ukimwelekezea lenzi anakuwa kama anangoja kusomewa hukumu. Na wengi wetu tulio nyuma ya kamera tunachompa ni amri tu: jiachie, kuwa kawaida, cheka kidogo. Mtu hawezi kuwa kawaida kwa kuamrishwa. Anachoweza ni kufanya jambo alilolizoea, na kazi yetu ni kulitafuta jambo hilo.

Picha alizokuja nazo

Alinifungulia simu akanionesha tatu alizozihifadhi, na maneno yake ya kwanza baada ya salamu yalikuwa: "Mie sipigiki, mwanangu. Sura yangu haikubali kamera."

Picha ya kwanza amesimama mbele ya ukuta wa ofisi, mikono ameifumbata kifuani, kidevu kimeinuka, midomo imebanwa. Mkao huo hakuuchagua yeye. Kampuni iliwapelekea wafanyakazi wote karatasi ya maelekezo, na humo imeandikwa mikono ifumbatwe kifuani ndiyo iashirie kujiamini. Kwa mtu aliyevaa koti na shati mkao huu una faida fulani, maana mikono inaonekana na koti linapata umbo. Kwa aliyevaa baibui jeusi mikono inamezwa yote, kifua kinakuwa pande moja la weusi, na kinachobaki kuonekana ni uso uliowekwa juu ya pande hilo. Tena kwa malezi yetu, mtu akikupokea mikono kafumbata unajua kuna jambo limemkera. Bibi huyu hajawahi kumpokea mgeni hivyo maisha yake yote, na mwili wake ulikuwa unalijua hilo hata kama yeye hakulisema. Ndiyo maana mabega yalikuwa juu, karibu na masikio.

Ya pili anacheka meno nje. Ziba sehemu ya chini ya uso kwa kidole, uangalie macho peke yake, utaona macho ya mtu aliyeshtuka. Daktari Mfaransa, Duchenne, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1862, alipokuwa akichunguza misuli ya uso kwa kuipitishia umeme. Aliona kwamba msuli unaovuta pembe za mdomo unatii amri, lakini ule unaolizunguka jicho, unaoinua shavu na kukunja ngozi ya pembeni, hautii kirahisi. Huja wenyewe mtu anapofurahi kweli. Kwa hivyo anayeambiwa "cheka" anatoa nusu ya kicheko, na mtazamaji huiona kasoro hata asipoweza kuitaja.

Ya tatu ilipigwa na binti yake, wamekaa kwenye kochi, simu imeshikwa kwa mkono ulionyooshwa. Hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi. "Pua yangu ndiyo inayoniharibia. Tangu hizi simu zije nimeijua pua yangu." Nikampigia nyengine papo hapo kwa simu ileile, nimerudi nyuma hatua mbili tatu, kisha nikaikuza. Alizitazama zote mbili muda mrefu bila ya kusema kitu. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walipiga hesabu ya jambo hili: picha ikipigwa kutoka sentimita 30 hivi, pua inaonekana imepanuka kwa karibu asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita 1.5. Pua iko karibu zaidi na lenzi kuliko masikio, na kadiri kamera inavyosogea karibu, tofauti hiyo ndivyo inavyokuwa kubwa. Simu ilikuwa imemdanganya miaka yote hiyo, naye akaingia nao uongo huo kwenye kila picha, uso ameurudisha nyuma kuificha pua, na kwa kuurudisha nyuma akajitengenezea kidevu cha pili asichokuwa nacho.

Niliona ni bora tumalizane na suala la pua siku ileile, kabla ya kugusa kamera.

Nyuso mbili alizofunzwa

Nilimuuliza ni lini na lini maishani mwake amekaa mbele ya mpiga picha. Akakumbuka picha za pasipoti, za kitambulisho, za fomu za chuo, na harusi yake. Nadhani kisa chote kimo katika jibu hilo.

Picha ya kitambulisho kila mtu anaijua. Unakaa kwenye kigoda, nyuma yako ukuta mweupe au kitambaa cha buluu, unaambiwa utazame mbele, usicheke, ukae wima. Mwengine anangoja nyuma yako. Dakika haijafika umeshatoka. Aliyepigwa hivyo tangu utoto hadi utu uzima mwili wake umeshika somo: mbele ya kamera, kaza.

Picha ya harusi nayo ina adabu zake. Bibi harusi wa Kizanzibari, hasa wa rika lake, alikalishwa na nakshi zake za hina na piko, macho akayainamisha, akatulia. Kucheka hovyo au kumkodolea macho mpiga picha kulihesabiwa ni kukosa haya. Alinisimulia vile mama mmoja alivyokuwa akimfinya kiunoni kwa siri kila alipotaka kucheka. Nimeziona picha hizo za familia nyingi na ni nzuri sana. Utulivu ule una uzito wake. Lakini ni uso wa siku moja, na haumfai mkuu wa idara ya fedha anayetaka wateja wamwamini na fedha zao.

Basi mtu huyu alikuwa na nyuso mbili tu za kamera, na hakuna aliyewahi kumfunza ya tatu. Nilipomwambia hivyo alitikisa kichwa, kisha akanieleza lililokuwa chini kabisa:

"Na nikijitutumua, mwanangu, watu watasema kapata cheo kajiona."

Hofu hii siichukulii wepesi. Katika mji ambao kila mtu ana jamaa wa kila mtu, mwanamke mzima kuonekana anajishaua ni jambo la kusemwa barazani. Maelekezo ya picha yanayoandikwa kwengine hayajui hayo. Yanadhani kila mtu akipewa ruhusa ya kujitanua atajitanua. Nikamuuliza:

"Mama, wakija wakaguzi ofisini kwako, unawapokeaje?"

"Kwa heshima. Wanakaa, wanaletewa chai. Lakini faili langu wanalisoma mbele yangu."

"Hapo unajishaua?"

"A'a. Hapo niko kazini."

Tukakubaliana kwamba hiyo ndiyo picha tunayoitafuta: yeye anavyowapokea wakaguzi. Alipoona kwamba hatakiwi kujifanya mtu mwengine, mabega yakashuka kidogo pale pale kwenye kiti.

Nitoke nje ya mada kidogo. Watu husema ugumu wetu mbele ya kamera ni wa asili. Zanzibar ina historia ndefu ya picha za studio, A. C. Gomes, mwenye asili ya Goa, alikuwa na studio hapa tangu karne ya 19, na Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio hapa Mji Mkongwe mwaka 1930. Katika picha za zamani watu wamekauka kwa sababu sahani za kupigia zilikuwa nzito kupokea mwanga, na aliyetikisika aliharibu picha. Lakini tazama mikono yao: mmoja ameshika bakora, mwengine ameweka mkono juu ya kiti au meza ndogo, mwengine ana kitabu. Wapiga picha wale walijua kuwa mkono usio na kazi humsumbua mwenye nao. Sisi tulipopata kamera nyepesi tukaziondoa meza, tukamwacha mtu katikati ya ukuta mweupe hana cha kushika.

Dirisha, jasho na pini

Tulipiga kwenye chumba cha juu cha nyumba ya zamani. Nyumba hizi za mawe ya matumbawe na chokaa zina kuta nene, na dirisha likiwa limezama ndani ya ukuta mwanga huingia kwa upande mmoja, laini, bila ya kutawanyika ovyo. Ukuta wa pili wa chokaa unaurudisha taratibu, na upande wa kivuli haufi. Mimi huliamini dirisha la namna hii kuliko taa nyingi.

Ila lazima ujue dirisha lipi. Vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya vinasifu dirisha la kaskazini, kwa sababu kule jua haliingii upande huo. Sisi tuko nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta, na jua linatuvuka utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kuanzia Machi hadi Oktoba liko upande wa kaskazini, na dirisha la kaskazini hupigwa na jua la moja kwa moja. Kwa hivyo mie hufuata pepo: wakati wa kusi, upepo wa katikati ya mwaka, natumia dirisha la kusini; wakati wa kaskazi, upepo wa Disemba hadi Machi, natumia la kaskazini. Mteja huyu alikuja mwezi wa Julai, tukakaa dirisha la kusini. Nje sikutaka kumtoa. Saa sita mchana jua letu linashuka toka juu, macho yanakuwa mashimo mawili meusi, na mtu anakunja uso bila ya kupenda.

Alikuwa amepanda ngazi, na unyevu wa hewa yetu haumsamehe mtu. Nilimwacha akae mbele ya feni, anywe maji, apumue. Jasho hulifuta kwa kuligonga kwa karatasi laini; ukisugua unaifanya ngozi ing'are zaidi na kuondoa poda. Sikumruhusu aongeze vipodozi vipya siku ile. Mtu aliyejipaka asivyozoea hujitazama kwa ndani muda wote.

Nimemsahau mtu mmoja: binti. Alikuja na mama yake, ana mapenzi naye makubwa, na alikuwa amesimama nyuma ya bega langu akisema, "Mama, cheka basi! Mama, usikunje uso!" Kila alivyosema, uso wa mama ulifunga zaidi. Nilimwomba atuletee maji ya madafu Forodhani, na asiharakishe. Alielewa, akacheka, akaenda. Ninaowapiga picha za kazi siku hizi nawaomba mapema waje peke yao, au anayewasindikiza angoje chumba cha pili.

Kisha mtandio. Hapa ndipo nilipoona kitu ambacho mpiga picha wa kwanza, aliyekuwa mwanamme na pengine aliona haya kukitazama, hakukiona. Ulikuwa umebanwa kwa pini chini ya kidevu, umekazwa sana. Mtu akitabasamu kweli, mashavu hupanda na kutanuka. Mashavu yake yalipopanda yalikutana na kitambaa kilichokaza, kikayasukuma ndani. Aliona tabasamu linamuumiza na linamfanya uso uvimbe, akajifunza kulikatiza katikati. Nusu ya ule ugumu wa mdomo ulitoka kwenye pini moja. Nilimwomba atabasamu kwanza, alishike tabasamu, ndipo tukaifunga pini upya kwa kipimo hicho, pembeni kidogo, chini ya taya. Akageuza shingo kulia na kushoto. "Kumbe napumua," akasema.

Mwanga niliupima mwenyewe kutoka shavuni mwake. Kamera ikiachwa ijipimie hukisia kwamba kilichomo mbele yake, kikichanganywa chote, ni kijivu cha wastani. Baibui jeusi likijaa kwenye picha, inaona kiza, inaongeza mwanga, na uso unapauka. Mweke mtu huyohuyo mbele ya ukuta mweupe, inapunguza, na uso unazama. Watu weusi wa kwetu wengi wanaamini hawatoki vizuri kwenye picha kumbe ni kipimo tu kilichokosewa, na mimi huliona hili ni jambo la kuwaheshimu watu. Lenzi ilikuwa ya milimita 85, nikakaa umbali wa mita 2 hivi, kasi sehemu 1 ya 200 ya sekunde, kwa kuwa nilijua atakuwa anazungumza na uso unaozungumza haukai.

Faili mezani

Nilianza na miguu, ingawa haitaonekana. Kiti kisicho na mikono, akae nusu ya mbele, nyayo zote mbili chini. Ukiegemea nyuma mgongo unajikunja na tumbo linajitokeza hata kwa mwembamba. Kiti nilikielekeza dirishani, kisha nikamwomba ageuze uso tu kuja kwangu. Bega moja likawa karibu zaidi na kamera, na lile pande la weusi likapata umbo. Kidevu sikumwambia "inua" wala "shusha". Nilimwambia alete paji la uso mbele kidogo, kana kwamba ananisikiliza nikisema kwa sauti ndogo. Kwa mwenyewe mkao huu ni wa ajabu, anajiona anajinyoosha shingo bure, lakini kwenye picha taya linatengana na shingo na kile kidevu cha pili kinaondoka. Nikamwonesha kwenye kioo cha kamera mara moja, ili aamini, halafu sikumwonesha tena mpaka mwisho. Mtu akionyeshwa kila picha anahama kutoka kukaa hadi kujikagua.

Meno yaachane kidogo ndani ya midomo iliyofungwa. Hili ni dogo na linafanya mengi: taya linalegea, na sura inapoteza ule ukali ambao mwenyewe hakuukusudia. Kabla ya kila kipindi nilimwomba afumbe macho, atoe pumzi yote kwa mdomo, ndipo afumbue. Macho yanayofumbuliwa hivyo huwa yamelala kidogo kope za chini, yanaangalia, hayakodoi.

Hayo yote yalimfanya aonekane vizuri. Hayakumfanya aonekane ni yeye. Macho yalikuwa bado yanangoja ruhusa yangu.

Nilikuwa nimemwomba aje na faili la kazini lisilo na siri, na kalamu anayoitumia kila siku. Nikavuta meza ndogo, nikalifungua faili mbele yake, akashika kalamu. Hata sijasema kitu mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe kunyoosha pembe ya karatasi, kidole cha shahada kikakaa juu ya safu ya tarakimu. Mikono ile ilikuwa nyumbani. Nikamuuliza:

"Mama, hati ya malipo imekuja haina risiti. Na aliyeidhinisha ni mkubwa wako. Utafanyaje?"

Alinitazama. Nyusi moja ilipanda kidogo, mwili ukaja mbele kidogo, kalamu ikatulia.

"Namrejeshea. Kwa adabu, lakini namrejeshea."

Sikupiga alipokuwa anasema. Mdomo unaosema unatoka vibaya, katikati ya herufi. Nilipiga pale alipomaliza, midomo imefunga, na macho bado yamo kwenye alichokisema. Hapo pana kama sekunde moja, pengine pungufu, ambayo mtu hajarudi kukumbuka kwamba kuna kamera. Kazi yangu kwa saa ile ilikuwa ni kuulizia mambo anayoyajua kuliko mimi na kuingoja sekunde hiyo. Nilimuuliza kuhusu kufunga mwaka wa fedha, kuhusu karani mgeni anayekosea, kuhusu mara ya kwanza kampuni ilipopata hati safi. Kwa hilo la mwisho tabasamu lilikuja lenyewe, likapanda hadi machoni, na pini ya mtandio ikaliachia.

Sharti la njia hii ni kwamba maswali yawe ya kweli. Ukiuliza kwa kujifanya, mtu mzima anajua, na anakujibu kwa uso wa kitambulisho. Mimi hukaa na mteja kwa simu siku kabla, nikamuuliza kazi yake ni nini hasa, nini kinamsumbua, nini anajivunia. Bila ya mazungumzo hayo nisingekuwa na swali la risiti.

Kuchagua

Tulipokaa kuzitazama, mama alisukuma kando picha ambayo mimi na binti (aliyekwisharudi na madafu) tuliiona bora. "Hii si mie. Uso umekwenda upande." Nikaigeuza kwenye kompyuta, kulia ikawa kushoto. "Ehee, hii ndiyo mie." Binti akashangaa: kwake ile iliyogeuzwa ndiyo iliyokuwa ngeni.

Jambo hili lina maelezo. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani, Mita, Dermer na Knight, waliwaonesha watu picha zao za kawaida na zilizogeuzwa kama kioo; wenyewe wakaelekea kupenda zile za kioo, marafiki zao wakapenda za kawaida. Kila mtu anaupenda uso aliouzoea, na mwenyewe ameuzoea wa kwenye kioo. Nilimweleza mteja kwamba wateja wake, bosi wake na watoto wake wanamjua kwa ule uso wa kwanza. Sikumlazimisha. Nilimwomba aziache siku mbili, kisha azitazame zikiwa ndogo kama zitakavyoonekana kwenye simu, duara la ukubwa wa kucha.

Udogo huo una maana, maana ndivyo watu watakavyomwona mara ya kwanza. Willis na Todorov waliandika mwaka 2006 kwamba sehemu 1 ya 10 ya sekunde inatosha mtu kuunda rai juu ya uso asioujua, aaminike au asiaminike, na akipewa muda zaidi rai hiyo haibadiliki sana. Picha nyingi zinazovutia zikiwa kubwa hazisomeki zikiwa ndogo. Iliyobaki kusomeka ilikuwa ya "namrejeshea": macho yanaangalia, mdomo umefunga bila ya kubanwa, pembe zake zimepanda kidogo. Aliichagua mwenyewe kwa ajili ya uso, bila ya kugeuzwa. Ile ya tabasamu, na faili mezani, akaichagua kwa ripoti ya mwaka.

Binti aliniomba nimng'arishe mama kidogo. Niliondoa chunusi moja iliyokuwa ya siku zile na mng'ao wa jasho puani. Ngozi niliiacha rangi yake, alama ya shavuni niliiacha, mistari ya pembeni mwa macho niliiacha yote. Hapa sina mjadala na mteja yeyote, na huwaambia kabla hawajalipa. Picha ya kazi mtu ataifananisha nawe siku mkikutana. Akikuta mtu mwengine, shaka yake ya kwanza itakuwa juu ya ukweli wako, na huyu ni mhasibu. Mama mwenyewe alimjibu binti kabla yangu: "Niache na rangi yangu, mwanangu, nimeifanyia kazi."

Ilipokwama

Picha ya tatu, ya kusimama, hatukuipata. Tulijaribu kwenye ngazi, tukajaribu mlangoni, mlango ule mzuri wa nakshi, na kila mara alirudi kukaza. Akisimama hana faili wala meza, na mlango wa nakshi nyuma yake ulimkumbusha harusi zaidi ya ofisi. Alipoegemea kizingiti macho yakashuka yenyewe. Uzito kuuweka mguu wa nyuma kulisaidia kidogo mabega. Kumpa mkoba wa kushika kulisaidia mikono, lakini akaonekana mtu anayesubiri daladala. Zipo picha tano sita zinazopita, kampuni ingezikubali, na nilimwambia wazi kwamba mie sizikubali. Alisema naye hazikubali.

Kuhusu ile karatasi ya maelekezo, kampuni niliiandikia barua fupi, kwa idhini ya mteja, kueleza kwa nini mikono haikufumbatwa. Walijibu kwamba hawana pingamizi.

Kwa ile ya kusimama tumepanga nimfuate ofisini siku ya kawaida ya kazi, asubuhi, kabla joto halijapanda. Amesema kila siku saa mbili na nusu husimama kwenye kabati la majalada, mlango wazi, akiwagawia makarani kazi za siku, na kabati liko ubavuni mwa dirisha. Nimemwomba asimwambie mtu kubadili chochote siku hiyo, ila makarani waulizwe mapema kama wanaridhia kuonekana kwenye picha, na pini ya mtandio aifunge nyumbani akiwa anatabasamu.